Ndoo ya Mama Tatu na Skripti ya Kutuma

Vijana wa chumba cha mashine mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu kazini, mkanipa na kichwa cha habari kabisa: "Mafanikio na Changamoto". Nimekiweka pembeni. Vyeo vyangu mnavijua, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Ninachotaka kuwaachia ni jambo moja la kazi: namna ya kuzuia skripti isifanye kazi mara mbili kwa wakati mmoja. Najua mtacheka. Kwenu ni neno moja mnaliweka mwanzoni mwa mstari, mnaenda kunywa chai. Kwetu, katika miaka ile ya tisini, ndilo lililokuwa linaamua kama Mpanda itabaki na mashine au mashine itapandishwa treni kurudi Tabora.

Nilifika Mpanda kwa sababu reli inaishia pale. Sina sababu nyingine. Kama ingeendelea mbele, na mimi ningeendelea nayo. Wakati huo mkoa wa Katavi ulikuwa bado haujazaliwa, sisi tulikuwa Rukwa. Shule niliiacha darasa la sita, wala hakuna kisa cha kusikitisha. Baba alihama na ng'ombe kutoka Usukumani kushuka huku, na mimi nikagundua njiani kwamba kuhama kunanifaa kuliko kukaa. Nimekuwa utingo wa lori, nimefunga tumbaku, nimelina asali na Wakonongo msituni, nimeanika dagaa Karema. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi. Nikishaelewa, miguu inaanza kuwasha.

Mpanda ilinishika kwa waya. Nilikuwa napita mtaa wa Ilembo nikaona waya mrefu umefungwa kati ya nguzo mbili, hauingii nyumba yoyote wala haukuanikwa nguo. Nikasimama kuuangalia. Akatoka mtu mfupi mwenye bisibisi nyuma ya sikio.

"We kijana, umepotea?"

"Hapana, Fundi. Naangalia waya. Unaenda wapi?"

"Unaenda Tabora."

Nikaufuata kwa macho. Uliishia kwenye nguzo ya pili, karibu na shamba la mihogo.

"Naona umechoka njiani," nikasema.

Alicheka mpaka bisibisi ikadondoka. Huyo ndiye Fundi Simeo, Mfipa aliyejifunza redio jeshini na aliyenifundisha karibu kila kitu nilichokula nacho ugali baadaye. Akaniingiza ndani, akaniambia ule waya ni antena, unapiga kelele hewani na Tabora inasikia. Nikamuuliza inasikiaje. Akaeleza. Nikauliza tena. Jioni alikuwa amechoka kujibu, akaona nafuu aniajiri.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mradi wa visima na zahanati. Chumbani mlikuwa na redio ya masafa marefu, kisanduku cha kugeuza maandishi yawe milio, na kompyuta moja yenye skrini iliyovimba tumbo. Vyote vilikula betri za lori, na betri zilikula jua kutoka kwenye paneli za juu ya bati. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kompyuta. Nilipewa maji ya moto na kitambaa, nikaosha vichwa vya betri vilivyoota ukoko wa kijani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Fundi Simeo akanionyesha kibodi, akasema, "Hii ndiyo inayoshukuru kwa ile kazi yako." Mpaka leo nikiingia kwenye chumba chochote cha mashine, naanza kuangalia betri ndipo nasalimia watu. Wengine wenu mmeshanielewa vibaya kwa hilo.

Kazi ya kompyuta ilikuwa kupeleka barua fupi. Daktari wa Tabora anaandika maelekezo kwa nesi wa Karema, mwambao wa Tanganyika. Mhandisi wa visima anamwandikia msimamizi wake huko huko. Barua zote zinapitia Mpanda, zinakaa kwenye foleni, kisha zinafungwa kifurushi kimoja na kurushwa hewani. Wa upande wa pili ana printa ndogo inayolia kama kuku aliyebanwa mlango, inamtolea karatasi.

Aliyefunga kifurushi hakuwa mtu. Ilikuwa skripti iitwayo tuma. Kwa ambaye hajawahi kuiona, skripti ni faili lenye maagizo yamepangwa mstari kwa mstari, na mashine inayatekeleza moja baada ya jingine: chukua barua za kwenye foleni, ziandike kwenye kifurushi, washa redio, rusha, futa foleni. Iliandikwa na Injinia Halima, aliyekuwa makao makuu Tabora, na iliandikwa vizuri. Ndani ya mashine kuna karani wa saa anayeitwa cron, na huyo aliiamsha tuma kila saa mpya. Na kama kuna barua ya haraka, Fundi Simeo aliiita mwenyewe kwa mkono.

Mambo yalikwenda vizuri kiangazi chote. Nikajifunza kuandika skripti zangu, za kuhesabu nafasi iliyobaki kwenye diski, za kupiga mlio wakati wa chai. Kisha mvua zikaanza, na asubuhi moja redio ikaita.

"Mpanda, Mpanda, Karema anaita. Ova."

Alikuwa Nesi Skola wa zahanati ya Karema, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Ova redioni maana yake nimemaliza, zamu yako.

"Karema, Mpanda anakupata. Leta. Ova," akajibu Fundi Simeo.

"Fundi, nina ujumbe wa daktari hapa. Unasema mtoto apewe kijiko kimoja cha saruji, kutwa mara tatu, baada ya kula. Naomba kuuliza, saruji kavu au iliyokorogwa? Ova."

Fundi Simeo akasimama. "Usimpe, Sista! Ova!"

"Sijampa, Fundi. Lakini kuna fundi wa kisima hapa nje ameambiwa achanganye ndoo tatu za kokoto na dawa ya kikohozi, na tayari amekuja kuomba chupa. Huyu tumshikeje? Ova."

Tulicheka, siwezi kukataa. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilivyorudi nikamkuta Fundi Simeo amekaa anaangalia kompyuta.

"Masanja," akaniita, "kijiko cha saruji kila mtu anakiona. Kesho ikichanganya kijiko cha mtoto huyu na kijiko cha mtoto yule, nani atakiona?"

Hapo kicheko kikaisha. Barua mbili zilikuwa zimesokotana, mstari wa huku, mstari wa kule. Ikatokea tena wiki iliyofuata, na tena. Nesi Skola akawa kila ujumbe anausoma redioni kuuliza kama ni wa kweli. Injinia Halima akatuita.

"Mpanda, nisikilizeni. Skripti ni ile ile, kwingine kote haina shida, kwenu inachanganya dawa na zege. Wakubwa wamesema basi. Mvua zikipungua na treni zikikaa sawa nakuja na sanduku la kufungia mashine. Nikikuta bado inachanganya, naondoka nayo. Ova."

"Na zahanati, Injinia? Ova."

"Zitarudi kwenye barua za lori. Ova."

Nyie mmekulia kwenye lami. Lori la Karema wakati wa masika lilikuwa linaondoka na barua ya ugonjwa, linafika na mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Na mimi, kama mashine inaondoka, nilikuwa sina cha kunikalisha Mpanda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikagundua kwamba sitaki kuondoka mahali.

Nikakaa mbele ya skrini. Kuna amri inayoonyesha programu zote zinazofanya kazi kwa wakati huo, ps. Nikawa naipiga, nasubiri, naipiga. Radi ilikuwa inanguruma upande wa Kasokola, na redio inakoroma. Saa mpya ikaingia.

"Fundi," nikasema, "tuma ziko mbili."

"Mbili vipi? Mimi nimeita moja."

"Uliita moja saa ile. Bado inahangaika. Karani wa saa ameita ya pili."

Basi ndiyo ilikuwa hiyo. Tabora walikuwa na umeme na simu, kutuma kunaisha dakika chache. Sisi, hewa ikichafuka kwa radi, redio inarudia kila neno, saa nzima inapita kifurushi hakijafika. Tuma ya pili inaamka, haijui kama kuna dada yake, nayo inaanza kuandika kwenye kifurushi kile kile. Injinia Halima asingeweza kuliona hilo hata angekaa macho mwaka mzima, maana kule Tabora halikuwepo.

Kujua ugonjwa ilikuwa nusu ya kazi. Dawa yake niliianza kwa namna niliyoizoea nyumbani.

Nilikuwa nimepanga chumba Nsemulwa kwa Mama Tatu, Mbende aliyetoka mwambao, mwenye uwanja uliofagiwa ukawa safi kuliko sahani za wengine. Bafu lilikuwa uani, kuta za matofali zinafika shingoni, mlango hakuna. Ukiingia kuoga unatupia kanga au taulo ukutani. Anayekuja akiona kanga anajua kuna mtu, anarudi. Wapangaji wote tuliishi hivyo na tuliheshimiana.

Nikaifundisha tuma hivyo hivyo. Ikiamka, kwanza iangalie kama kuna faili liitwalo kanga. Likiwepo, irudi kulala. Lisipokuwepo, iliweke, ifanye kazi, ikimaliza iliondoe. Nikamwonyesha Fundi Simeo, akasema ni kazi safi. Tukakaa siku nyingi bila kuchanganya hata neno. Nikaanza kutembea kifua mbele pale sokoni, kana kwamba wauza nyanya wanajua.

Kisha ikachanganya tena. Kidogo tu, mistari michache, lakini ilichanganya. Nikaisoma skripti yangu juu mpaka chini, sikuona kosa. Kanga ipo, tuma inaiangalia, tatizo liko wapi?

Jibu nilikutana nalo bafuni. Asubuhi moja nilitoka chumbani, nikaangalia ukutani, hakuna kanga. Nikageuka kuchukua maji. Wakati huo huo mpangaji mwenzangu, kondakta wa treni, alikuwa anatokea upande wa geti, naye kaangalia, hakuna kanga. Mimi nikapita upande huu wa ukuta, yeye upande ule. Tukakutana katikati, kila mmoja na sabuni yake.

"Masanja! Kanga haikuwepo!"

"Haikuwepo kwako wala kwangu, Kondakta!"

"Sasa toka!"

"Nitoke vipi, taulo umelikanyaga!"

Mama Tatu akapiga kelele kutoka jikoni, "Nyie wanaume wawili, mnatafuta nini humo?"

Nilisimama pale na ndoo yangu, nikaacha kubishana. Nilikuwa nimeliona kosa. Kati ya kuangalia na kutupia kanga kuna mwanya. Mdogo sana, lakini watu wawili wanaweza kuingia humo kwa pamoja, wote wameangalia vizuri, wote hawana hatia. Tuma zangu mbili, moja ya Fundi Simeo na moja ya karani wa saa, zilikuwa zimefanya vile vile.

Mama Tatu hakuwa na habari na mwanya wowote. Alichotaka ni heshima irudi uani kwake. Jioni alikusanya ndoo zote za wapangaji, akazifungia stoo, akaacha moja nyekundu karibu na pipa la maji.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kanga zenu kaanikeni huko. Anayeoga ni yule mwenye hii ndoo. Huna ndoo, huna bafu."

"Na tukifika wawili kwa pamoja, Mama?" akauliza Kondakta.

"Ndoo ina mkono mmoja, baba. Atakayeshika ameshika, mwingine akae."

Raha ya kuiona dawa ilininyima usingizi. Asubuhi nilimwomba Fundi Simeo anipe redio, akaniachia.

"Tabora, Tabora, Mpanda anaita. Injinia, ni Masanja. Kuna amri ambayo kuangalia na kuchukua ni kitendo kimoja? Yaani usiangalie kwanza halafu ndio uchukue. Unachukua, na kama mwenzako keshachukua, unakosa hapo hapo. Ova."

Kukawa na mkoromo tu hewani. Kisha sauti yake ikaja, na nilisikia kabisa kwamba ametabasamu.

"Masanja, umeuliza vizuri. Usitumie faili. Tengeneza folda, mkdir. Folda ikiwepo tayari, amri inakataa. Programu mbili zikiomba kwa pamoja, moja tu ndiyo itapewa, mashine yenyewe inahakikisha. Umenipata? Ova."

"Nimekupata, Injinia. Ni ndoo. Ova."

"Ni nini? Ova."

Fundi Simeo akanipokonya redio kabla sijaanza kueleza.

Nikaandika upya. Folda nikaiita ndoo. Tuma ikiamka inajaribu kuitengeneza. Ikipata, inaendelea, na ikimaliza inaifuta. Ikikosa, inaandika sababu kwenye skrini na kuondoka. Mwanya ukaziba. Nilijaribu kuipita kwa kila ujanja niliokuwa nao, na ujanja nilikuwa nao mwingi, sikuweza.

Basi mkadhani nimemaliza. Na mimi nilidhani hivyo.

Mvua kubwa ikaja, mawingu yakakaa juu ya Mpanda siku kadhaa, paneli zikakosa jua, betri zikashuka. Mashine ikazimika katikati ya kutuma. Jua liliporudi tukaiwasha. Tuma ikaamka, ikakuta folda ya ndoo bado ipo, yaani ndoo imeshikwa, ikaondoka. Saa iliyofuata hivyo hivyo. Siku nzima hakuna barua hata moja iliyotoka, na tuma zote zilikuwa na adabu kabisa, zinamsubiri dada yao aliyekufa na umeme.

Nilifuta folda kwa mkono, barua zikaenda. Lakini hiyo siyo dawa. Siku nisipokuwepo, nani atafuta?

Msidhani natunga, lakini kwa Mama Tatu nako kulikuwa na foleni. Nilirudi nikakuta wapangaji wamesimama uani na taulo mabegani, wameshika sabuni. Ndoo haikuwepo kwenye pipa.

"Kuna nani?" nikauliza.

"Kondakta," akajibu jirani yangu. "Leo anaoga kweli kweli."

Mama Tatu akatoka na mwiko mkononi. "Mmemwita?"

"Hatujamwita, Mama. Tunaogopa kumharakisha."

"Hodi humo bafuni!" akaita. Kimya. "Hodi!" Kimya. Akaingia, akatoka na ndoo nyekundu, akaiinua juu tuione wote. "Mtu mwenyewe keshapanda treni, saa hizi anakaribia Kaliua, nyie mmesimama hapa kama mnasubiri maiti! Ukikuta ndoo haipo, bisha hodi. Akiitika, subiri. Asipoitika, ingia uichukue. Nalo hilo mpaka nifundishe?"

Ilibidi nifundishwe, mimi hasa. Kesho yake nikaongeza kitu kwenye skripti. Kila programu inayofanya kazi ina namba yake. Tuma ikichukua ndoo, sasa inaandika namba yake ndani. Inayokuja nyuma ikikosa ndoo, inasoma ile namba na kubisha hodi. Kuna amri inaitwa kill, jina lake linatisha, lakini ukiiwekea sifuri haiui mtu. Inauliza tu kama mwenye namba ile yupo. Akiwepo, unaondoka. Asipokuwepo, unachukua ndoo. Nikaongeza pia mtego, trap, ili tuma ikikatizwa kistaarabu irudishe ndoo yenyewe kabla ya kutoka.

Fundi Simeo ndiye aliyeona shimo la mwisho. "Mashine ikizimwa na kuwashwa, si namba zinaanza upya? Ile namba ya marehemu inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Utabisha hodi, aitike mpangaji mgeni." Ni kweli. Kwa hiyo kwenye maagizo ya asubuhi ya mashine, yale inayosoma kabla ya kumwamsha karani wa saa, tukaandika: futa ndoo yoyote iliyobaki. Nyumba ndiyo kwanza imefunguliwa, hakuna mtu anayeweza kuwa anaoga.

Siku hizi nyie mna flock. Kufuli linashikwa na moyo wa mashine, na mwenye nalo akifa linafunguka lenyewe. Litumieni, ni zuri kuliko ndoo yangu. Ila mjue linaziba mashimo gani, maana siku moja mtakuwa kwenye mashine isiyokuwa nalo.

Injinia Halima alifika na treni, na sanduku la mbao limebebwa na wapagazi wawili. Lilikuwa na pamba ya godoro ndani, limepimwa kabisa kwa ukubwa wa kompyuta yetu. Fundi Simeo alivyoliona akaenda kufuta betri ambazo nilikuwa nimeshazifuta.

"Karibu, Injinia. Chai ipo," nikasema.

"Chai baadaye, Masanja. Nimetumwa kurudi na mashine, siyo kurudi na sababu. Nionyeshe."

Alikaa mbele ya kibodi bila kuvua koti la safari. Akaandika mstari mmoja unaoita tuma mara nyingi kwa pamoja, akabonyeza. Moja ikashika redio ikaanza kutuma. Nyingine zote zikaandika ujumbe wao, skrini ikajaa kutoka juu mpaka chini: Kuna mtu anaoga, subiri nje. Kuna mtu anaoga, subiri nje.

Injinia Halima akasogeza uso karibu.

"Masanja. Hii ni nini?"

"Ujumbe wa kosa, Injinia."

"Anaoga nani?"

Nikamweleza. Nilianzia kwenye kanga, nikaja kwa Kondakta, nikaja kwenye ndoo. Nilivyofika kwenye taulo lililokanyagwa alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Kumbe ndiyo ile ndoo ya redioni," akasema. "Nilidhani hewa imechafuka." Kisha akajifuta uso, akaacha kucheka, na kabla sijajua anafanya nini akanyoosha mkono chini ya meza, akang'oa waya wa betri.

Skrini ikafa. Fundi Simeo akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

"Mvua haitabisha hodi, Fundi."

Akarudisha waya. Mashine ikaamka polepole, ikikagua diski yake kwa muda mrefu, sisi watatu tumesimama kama ndugu nje ya wodi. Ikafika mwisho. Tuma ikaamka, ikachukua ndoo, redio ikaanza kulia. Injinia akaiua tuma yenyewe kwa amri kali isiyokubali mtego wowote, akaiita nyingine. Ikabisha hodi, haikuitikiwa, ikachukua ndoo, ikaanza upya mwanzo wa kifurushi. Hapo ndipo alipovua koti.

"Ila uamuzi siyo wangu," akasema. "Ni wa Karema."

Kesho yake asubuhi tulikuwa wote mbele ya redio. Usiku radi ilikuwa imepiga, na tuma ilifanya kazi muda wote. Injinia alikuwa ameweka kwenye foleni barua nyingi kuliko tulivyowahi kutuma, za dawa na za visima zimepishana kwa makusudi.

"Mpanda, Karema anaita. Zimefika. Nisome? Ova."

"Soma zote, Sista. Ova," akasema Injinia.

Nesi Skola akasoma, taratibu, barua baada ya barua. Dawa ya mtoto ilikuwa dawa ya mtoto. Kokoto zilikuwa kokoto. Injinia alifuata kwa kidole kwenye karatasi yake na hakusimama popote. Mwisho Nesi Skola akauliza, "Fundi wa kisima hapa anauliza kama ile dawa ya kikohozi haitakiwi tena. Ova."

"Mwambie haitakiwi," akajibu Injinia. "Na mashine inabaki Mpanda. Ova."

Nilisikia watu wakishangilia kule Karema, nyuma ya sauti yake, zahanati nzima. Fundi Simeo akanipiga begani kwa nguvu ya mtu mrefu. Injinia alichukua nakala ya skripti kwenye disketi, akaipeleka stesheni zote za mradi, na ujumbe wa bafuni hakuufuta. Sanduku lake alirudi nalo limejaa mchele wa Mpanda.

Mchana ule nilikwenda kwa seremala wa Ilembo. Miaka yote nilikuwa nalala kwenye mkeka, unaokunjwa na kuwekwa kwapani. Nikamwambia nataka kitanda.

"Mpangaji?" akauliza.

"Mpangaji."

"Basi nikuwekee bolti. Wapangaji wote wanachukua cha bolti. Ukihama unakifungua, kinapanda treni na wewe."

"Sitaki bolti," nikamwambia. "Weka gundi na misumari."

Akanitazama, akacheka, akaweka gundi na misumari. Kilitoka kitanda cha mninga, kizito, kipana, cha kumkalisha mtu. Tulivyokifikisha Nsemulwa hakikupita mlangoni. Tulikilaza, tukakisimamisha, tukakigeuza kila upande, hakikupita. Mwisho seremala aling'oa fremu ya mlango, tukakiingiza, akairudisha fremu na kuipigilia.

Mama Tatu alikuwa amesimama uani muda wote, mikono kiunoni. Akaja akaitikisa ile fremu kwa mkono, akaona imeshika.

"Haya, baba," akasema. "Sasa hama tuone."